Jini alorudi na Ami

Tarehe 25 Julai ilopita nlifanya jambo ambalo mpaka leo linanikera. Nlikuwa kwenye daladala huku kwetu Pemba, natoka Wete nakwenda Chake, simu mkononi, naona stetasi za watu zimejaa mishumaa na bendera, Siku ya Mashujaa, mie nami nkatafuta ile picha ya Ami alopiga studio na magwanda yake nkaitia, chini nkaandika "Shujaa wetu, Mwenyezi Mungu akurehemu". Basi. Gari haijafika Gombani watu washanijazia majibu, vikopa, saluti, vile vimikono vya dua, jamaa yetu mmoja yuko Oman kaandika "damu ya simba hiyo". Na mie nafurahi kabisa, nafungua moja moja. Mpaka nlipoteremka ndo nkakumbuka kwamba Ami mwenyewe ukimwita shujaa alikuwa anaondoka. Si kwamba anakasirika, la. Ananyanyuka pale barazani, anapangusa kanzu yake nyuma, anakwenda zake, na hutomuona tena mpaka kesho.

Nkaifuta. Lakini watu washaiona, na wengine wakanifuata mbona umefuta, kuna nini, kwa hivyo naandika hapa kwa kirefu, asotaka kirefu asisome.

Ami ni mdogo wake baba, mtu wa kijijini kwetu huku nje kidogo ya Wete. Aliingia jeshi 1976 kwa sababu moja tu, kazi ilikuwa hakuna na jeshini wanakula. Hivi ndo alivyosema mwenyewe, sikutia neno. Miaka miwili baadae ikaja vita. Kwa wale wasojua (na watoto wa sasaivi hawajui, nlimuuliza mmoja wa fomu tuu vita vya Kagera ni nini akanambia Kagera Sugar au?) ni kwamba mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera yakashika sehemu yote ya ng'ambo ya mto, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauliwa, ng'ombe wakaswagwa, na Amin akatangaza kwamba hapo sasa ni Uganda. Tarehe 2 Novemba Nyerere akasema yale maneno ambayo kila mzee anayo kwa moyo, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Na kweli sababu ilikuwepo, mie kwenye hilo sina ugomvi na mtu. Wakaenda. Februari 1979 wakaingia Masaka, Machi wakapigana Lukaya ambako Gaddafi alishaleta askari wa Libya kuja kumsaidia mwenzake, na 11 Aprili Kampala imeshachukuliwa, Amin mbio. Jeshi letu halikurudi lote pale pale, wako walobaki Uganda mpaka 1981, na Ami alikuwa katika hao walobaki.

Hayo ni ya skuli. Yaliyobaki nimeyapata kwa Bibi, kwa mke wa Ami, na kidogo sana kwa Ami mwenyewe.

Bibi akihadithia siku Ami aloshuka bandarini Mkoani na kupanda gari mpaka kwetu, kijiji kizima kilitoka njiani. Ulipigwa msewe, ngoma yetu ya Pemba, mpaka usiku wa manane, kuku walochinjwa hawana idadi, na hapa ujue ni wakati sukari ya foleni na sabuni watu wanakatiana vipande, Nyerere kashasema tufunge mikanda miezi 18, miezi 18 imepita zamani na mkanda uko pale pale kwenye tundu la mwisho. Lakini kwa Ami watu walitoa. Wazee wakasimama wakasema, kila mmoja akataka kukaa karibu yake, watoto wakagombania kuvaa kofia. Na swali lilikuwa moja tu, nadhani na nyie mnalijua, kwa sababu hata mie nilipokuwa mdogo nilimuuliza hilo hilo: umeua wangapi?

Alirudi na begi, na buti, na redio kaseti kubwa ya spika mbili ambayo kijiji kizima hakikuwahi kuiona mfano wake. Hiyo redio nimeikuta na mie, nimekua nayo. Ikiwekwa dirishani jioni, watu wanakaa nje kusikiliza matangazo ya vifo (msiokuwa Wazanzibari hamtojua, sisi redio yetu bila ya vifo si redio, fulani bin fulani amefariki, anazikwa saa saba, habari ziwafikie jamaa waliopo Kengeja, Makunduchi na Mombasa). Kila mtu akiiita redio ya Ami. Na mtu pekee asokuwa akiisikiliza ni Ami. Ikiwashwa anatoka. Sisi watoto tulidhani hapendi kelele.

Tulipokuwa wakubwa mke wake ndo alonambia. Ile redio ilikuwa sebuleni kwa watu, Masaka. Mji umeshapigwa mizinga, nyumba imefunguka upande mmoja, wenyewe hawapo, chai imo vikombeni. Yeye na wenzake waliingia, mwenzake kachukua saa ya ukutani, yeye kachukua redio. Hakuna alowaambia chukueni wala alowaambia acheni. "Vikombe vilikuwa vitano," ndo kitu alichokuwa akikirudia, mke wake anasema, vikombe vitano, hakusema zaidi.

Sasa na hilo nalo mtatia kwenye stetasi?

Watu walitarajia kwamba mtu aliyetoka vitani maisha yake yatakuwa mengine, atapewa cheo, atapewa kazi ya mezani. Hakupewa kitu. Alitoka jeshini miaka michache baadae na karatasi yake na hela ambazo zote zilimalizikia kwenye bati za nyumba, na baada ya hapo akawa mtu wa karafuu kama sisi wengine. Msimu ukifika anachuma kwa pishi kwenye mashamba ya watu, usiku tunakaa chini kuchambua, asubuhi tunaanika. Bibi alisema alikuwa mchumaji mzuri lakini ana tabia moja, akishapanda mkarafuu hateremki. Wenzake wanateremka kula, yeye yuko juu. Wenzake wanakwenda kuswali, yeye anateremka anaswali anapanda tena mpaka giza. Mie nimewahi kumuuliza, Ami kwani huko juu kuna nini, akanambia "hakuna kitu, ndo maana".

Kuna kipindi bei ya karafuu ya serikali ilikuwa chini na ya ng'ambo iko juu, kila mtu anajua nini kilikuwa kikifanyika, majahazi yakiondoka usiku kwenda Kenya, na KMKM, kile kikosi cha kuzuia magendo, wanazunguka baharini kuwakamata. Wakaja watu kwa Ami wakamwambia wewe ni mwanajeshi, huogopi, tuongozee chombo utapata chako. Akakataa. Basi wale wale walompigia msewe wakaanza kusema, shujaa mzima anaogopa boti. Hili mie linanichekesha na kunitia uchungu pamoja, kwa sababu ndo linaonesha shujaa kwetu maana yake nini. Ni mtu alokopeshwa sifa, na siku tukitaka kitu tunakwenda kudai.

Haya tuje kwenye usiku.

Nyumba aloiezeka kwa hela ya jeshi ilikuwa chini ya minazi mitatu. Nazi ikidondoka usiku juu ya bati nyie mnaujua mlio wake. Ami alikuwa anafika uvunguni nazi haijaacha kubingirika. Mara ya kwanza mkewe alicheka, masikini, alidhani masihara, akacheka. Mara ya pili alipigwa kiwiko cha mdomo kwa kuwa alimshika bega kumuamsha. Wakati mwengine anaamka anakwenda mlangoni anasimama pale mpaka alfajiri, hasemi, kasimama tu kama yuko lindo. Yule mke wa kwanza alivumilia miaka miwili akaomba talaka yake akarudi kwao Konde, na wanawake wa kijijini wakamsema yeye, ati kaachwa kwa kuwa hakujua kumtunza shujaa. Baadae Ami alichukua shoka akaikata minazi yote mitatu siku moja. Bibi alilia. Mnazi unaozaa, watu hawakati mnazi unaozaa.

Kwetu Pemba mtu akifika hapo jibu liko tayari wala si hospitali. Ikasemwa ana jini, na jini lenyewe si la hapa, limemfuata kutoka Uganda, wengine wakasema la mto Kagera, wengine la ziwa. Akapelekwa kwa masheikh akanyweshwa kombe (maji yaloosha aya zilizoandikwa sahanini), akatulia mwezi, likarudi. Basi akaitwa fundi mmoja kutoka kusini, mkali, ikawekwa ngoma ya kupunga siku saba. Najua kuna watakaosoma hapa watasema ujinga na ushirikina, na mie kwenye dini yangu najua mpaka wangu, lakini ngojeni kwanza.

Kwenye kupunga fundi haongei na mgonjwa. Mgonjwa ni kiti tu. Fundi anaongea na aliyempanda kichwani, anamuuliza kwa adabu, wewe nani, umetoka wapi, unataka nini kwa huyu kiti wako. Nimelifikiria sana hili. Tangu ateremke Mkoani hakuna mtu alomuuliza Ami maswali matatu yale. Si sisi, si jeshi, si sheha, si mke, si mama yake mzazi. Ilibidi aje mtu wa uganga, na hata huyo hakumuuliza yeye, alimuuliza jini.

Usiku wa tano likajibu. Bibi alikuwepo. Anasema Ami alikuwa kafunikwa shuka nyeupe, anatetemeka, halafu akakaa kimya kabisa, halafu ikatoka sauti ndogo, wala si ya kutisha kama yalivyo majini mengine, ikasema neno moja. Niosheni.

Fundi akafasiri. Jini hili la Kiarabu, safi, halitaki uchafu, linataka marashi. Wakamuosha Ami siku saba kwa maji ya marashi mawaridi na mrehani, wakamfukiza udi, wakachinja jogoo. Na kweli alipata nafuu, akaoa tena, huyu mke tunaemjua sisi, akazaa. Mlio wa ghafla bado alikuwa haupendi. Ule usiku wa kuamkia 12 Januari, saa sita fashifashi zinapopigwa, anakwenda kulala kwa rafiki yake shamba ndani kabisa kwenye mikarafuu, sisi tuko juu ya mti tunaangalia taa mbinguni yeye hayupo. Lakini akawa mtu wa kuishi nae.

Kitu kimoja kikabaki. Ami hakosi maziko. Akisikia mtu kafa, awe Gando, awe Ole, awe Micheweni, jamaa yake asiwe jamaa yake, anachukua jembe lake anapanda gari anakwenda kuchimba kaburi. Kuna siku kaenda mpaka Mkoani kumchimbia mtu hata hamjui jina. Watu wakimsifu, ati mzee anatafuta thawabu. Kama maiti hana wa kumuosha, yeye yuko mbele. Mie nimejifunza kuosha maiti kwake, nilikuwa na miaka kumi na sita, ananionesha vipi umuinue kichwa, polepole, kama mtoto alolala.

Dar pale Posta kuna ile sanamu ya askari, Waingereza waliisimamisha 1927 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Nikienda Dar lazima niipitie, sijui kwa nini. Kijana, mgongo umenyooka, bunduki na singe yake kaelekeza bandarini. Maandishi yake yanawataja na wapagazi pia, wale walobeba mizigo ya vita vile kwenye vichwa vyao, yanasema walikuwa ndo miguu na mikono ya jeshi, lakini alochongwa ni mwenye bunduki. Na yanasema ukipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kuharisha na maradhi kuliko risasi, na tulichobakisha katika kumbukumbu zao ni jina la soko, Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, kikosi chao cha upagazi. Mtu ananunua viatu vya mtumba pale wala hajui. Na hakuna sanamu ya mtu wa miaka khamsini aliyesimama mlangoni kwake saa tisa usiku na shuka.

Naomba mnielewe, sisemi askari wote, wala sisemi vita vile vilikuwa vibaya. Watu wa Kagera waliuliwa, wangefanya nini. Ila sisi watu wa Pemba kuna jambo letu na magwanda ambalo wa Bara huwa hawalielewi, na mie siwezi kuandika kuhusu Ami nikaliruka. Januari 2001. Uchaguzi umekwisha kwa ugomvi, watu wameandamana tarehe 27, na walokuja na bunduki hawakutoka Uganda. Zaidi ya watu 30 walikufa, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni kule Kenya wakakaa ukimbizini, katika hao wamo wajomba zangu. Wiki ile nguo ya mabaka kwetu haikuwa ya shujaa. Na Ami alikuwa na koti lake la jeshi la zamani, analivaa asubuhi kukiwa na baridi ya mvua, miaka ishirini analivaa, kila mtu analijua. Jirani mmoja akamtazama akamwambia "wenzio hao". Tu. Ami akalivua palepale, akaingia ndani, na sisi koti lile hatukuliona tena. Alikwenda kuchimba makaburi wiki ile. Hakuna alomsifu thawabu. Hakuna alomkataza pia.

Mwezi mmoja shujaa, mwezi wa pili mwenzio hao, na mtu ni yule yule, na jembe ni lile lile.

Agosti 2003. Tuko barazani baada ya laasiri, kahawa inazunguka, mtu kaja na habari kasikia BBC, Idi Amin kafa Jeddah. Pakawa na kelele, huyu anasema jahannam, huyu anasema astaghfirullah msimhukumu, alikuwa Muislamu (hapa kwetu wako walokuwa wakinong'ona tangu zamani kwamba vita vile ni vita vya kupiga Waislamu, mie siyaamini hayo lakini maneno yalikuwepo, na Ami ndo alikuwa akiyasikia yote pande zote mbili). Wote wakamgeukia Ami. Haya shujaa, adui yako huyo kafa, sema neno.

Ami akauliza, "Kazikwa?"

Wakamwambia ndio, huko huko Jeddah.

"Kaoshwa, kakafiniwa, kaswaliwa," akasema. Akanyanyuka, akapangusa kanzu.

Safari ile nkamfuata. Sijui nlipata wapi ujasiri, nlikuwa na miaka kumi na tisa. Tukaenda mpaka nyuma ya nyumba pale penye visiki vitatu vya minazi, akakaa juu ya kimoja, mie nkakaa chini, na bila ya kumuuliza kitu akasema. Nitaandika kama nnavyokumbuka, hakusema kwa mpango.

Alisema Lukaya barabara inapita katikati ya kinamasi, maji huku na huku, na majani. Wale Walibya walikuja hapo hawajui hata wako wapi. Vijana. Wengine hata lugha ya wenzao wa Uganda hawaijui. Usiku risasi zilikuwa kama mvua, kila mtu anapiga, hajui anampiga nani. Asubuhi wako wamelala njiani na kwenye majani. "Nkamkuta mmoja, wa umri wangu, kaifunga tasbihi mkononi hivi. Mkono uko juu, mwili uko majini. Nkasema huyu si wa kuachwa hivi, huyu ana haki yake, japo nimfunike mchanga, japo nimtie maji uso. Afande akasema songa. Nkasonga." Akanyamaza sana. "Siku tatu tulipopita tena tunarudi nyuma kuchukua mzigo, bado yupo. Mkono bado uko juu."

Nkamuuliza, Ami, ulimuua wewe? Akasema, "Sijui. Na nyie mnanipigia msewe na yule mtu yuko kwenye majani."

Hapo ndo nlipofahamu lile jini lilikuwa nani. Sikumwambia. Nadhani na yeye alikuwa anajua, hatukulizungumza tena mpaka anakufa. Alifariki 2016, maradhi ya presha, na siku ya maziko yake watu walotaka kushika jembe walikuwa wengi mpaka ikabidi wapokezane, koleo mbili mbili, kila mtu anataka japo achimbe mara tatu. Nlimuosha mie na mwanawe.

Sasa huyo mwanawe ndo sababu ya pili ya kuandika.

Alikuwa mtoto wa mwisho. Alipomaliza skuli alikaa nyumbani miaka mitatu hana kazi, halafu akaingia JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi la hapa Zanzibar, na nyote mnajua vijana wetu wanaingia JKU kwa nini, unajitolea, unalima, unakimbia mchakamchaka, unaomba Mungu mwisho wake iwe ajira ya vikosi au jeshi. Ilitakiwa barua ya sheha na saini ya mzee. Ami aliikalia ile karatasi siku tatu. Halafu akasaini kwa sababu hakuwa na kazi nyengine ya kumpa. Kijana akabahatika, akapata JWTZ, na siku alokuja likizo na magwanda watu wale wale wakasema maji hufuata mkondo.

2017 akaenda Kongo, misheni ya Umoja wa Mataifa, upande wa Beni. Tarehe 7 Disemba kambi ya Semuliki ikashambuliwa, wanajeshi wetu wasiopungua 14 wakauliwa. Yeye alikuwa kambi nyengine. Lakini sisi hatukujua yuko wapi, simu haipatikani, mama yake kakaa chini ukumbini na tasbihi, na ile redio ya Masaka iko dirishani, imezimwa, hakuna alokuwa na moyo wa kusikiliza vifo. Kesho yake jioni akapiga. Akasema "mie mzima" na simu ikakatika.

Aliporudi ilikuwa yale yale ila bila ya msewe, siku hizi watu hawapigi msewe, wanafowadi. Mzee wa Kongo. Shujaa wetu. Na swali safari hii halikuwa umeua wangapi, lilikuwa dola ngapi kwa mwezi. Akajenga nyumba nusu, akakopesha watu hawajamlipa mpaka leo, akaacha jeshi. Kwa nini kaacha kila mtu ana hadithi yake, yeye hasemi. Sasaivi yuko Unguja, Nungwi, mlinzi wa hoteli, zamu ya usiku, sare ya kampuni, filimbi, tochi, na geti la kufungua. Watu wetu wanaona aibu kusema. Mtu akiuliza wanasema "yupo Unguja kwenye mambo ya utalii".

Wiki ile ile nlofuta stetasi nlikuwa na shughuli zangu mjini, nkapanda daladala mpaka Nungwi nkamfuata. Nlifika usiku yuko getini. Akanitolea kiti cha plastiki. Tukakaa, tukazungumza mpira, tukazungumza bei ya saruji, muziki unatoka huko pwani kwa watalii, bumu bumu bumu, na mie naona kila bumu bega lake linanyanyuka kidogo, kidogo sana, kama hujakua na baba yake huwezi kuona. Nkataka kumwambia nakujua. Nkataka kumwambia habari ya jini la baba yako. Sikuweza. Kikanitoka kitu cha ajabu kabisa, nkamuuliza, kule Kongo mkila nini?

Akacheka. Akasema we nae, maswali gani hayo, miaka yote hii hajaniuliza mtu. Ugali, akasema. Maharage. Samaki wa kopo mpaka nikiona kopo natapika. Mvua hainyamazi, buti haikauki wiki nzima, unalala nayo. Akasema walikuwa na mwenzao mmoja mtu wa Tanga, akipika yeye basi ni sikukuu, aliagiza tui la nazi la unga kutoka nyumbani, kilo nzima kwenye begi, wale samaki wa kopo akiwatia tui na pilipili na ndimu alozipata kwa wanakijiji, unakula unafumba macho uko kwenu. Wakigombania ukoko. Siku moja afande mwenyewe kaja na sahani yake kapanga foleni nyuma ya makuruta. Alikuwa akiimba taarabu anapokoroga, sauti mbaya hujapata kusikia, wakimpigia kelele anyamaze na yeye anazidisha.

"Novemba wakamhamisha," akasema, "wakampeleka Semuliki."

Ikaja gari ya wageni inapiga honi. Akaenda akafungua geti, akawamulikia tochi njia, akafunga, akarudi akakaa.

"Lile tui aliniachia mie," akasema. "Nusu kilo hivi. Ngoja nkwambie lilivyokuwa..."